Mlima unaungua, sisi tunashika matawi: teknolojia ije, lakini mkataba uwekwe mezani

Makamanda, Oktoba 2020 wengi wetu tulikuwa barabarani na kampeni. Mimi nilikuwa nyumbani Marangu. Jumapili ile ya tarehe 11 nilitoka nje usiku nikaona mstari mwekundu juu kabisa, kama mtu kachora kwa kalamu kwenye kiza. Mama akasimama mlangoni, akasema tu, "Mlima unaungua." Asubuhi binamu yangu, ambaye ni mgumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi huku kwetu), alipanda kujitolea. Kifaa chake kilikuwa panga, na hilo panga la kukatia matawi ya kupigia moto. Alirudi siku ya tatu nyusi zimeungua, anakohoa kama mzee wa miaka themanini.

Moto ule ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukawaka zaidi ya wiki. TANAPA wenyewe walitaja kilomita za mraba 95.5. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga, kwenye mita kama 4,000, na mamia ya watu wakapandishwa tena kwa miguu. Miezi miwili tu kabla ya hapo, waziri alikuwa amesimama Horombo akitangaza intaneti ya kasi ya TTCL ili mgeni aweze kurusha picha akiwa mlimani. Sawa, siipingi intaneti. Ila nauliza: nguzo ile inayobeba selfie inashindwaje kubeba kamera ya kuangalia moshi?

Kuna watakaosema hili ni la watalii, sisi tuna hoja kubwa zaidi. Hapana. Wataalamu waliousoma mlima huu kwa miongo wanasema hasara kubwa ya maji siyo ile barafu tunayoililia kila siku, ni msitu wa juu unaoliwa na moto. Miti ile hukamata ukungu na kuugeuza maji. Ukiungua, mfongo unakauka, kihamba kinakauka, na huko chini mto Pangani nao unapungua, pamoja na bwawa la Nyumba ya Mungu na umeme unaozalishwa kwenye mto huo. Kwa hiyo hata wewe uliyeko Korogwe, mlima huu unakuhusu.

Sasa wenzetu wanafanyaje? Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina mtandao wa kamera zaidi ya 1,000 unaoitwa ALERTCalifornia. Mwaka 2023 idara ya zimamoto ya jimbo, CAL FIRE, ilishirikiana na chuo hicho na kampuni binafsi ya DigitalPath kujaribu akili mnemba inayotazama picha hizo usiku na mchana na kumshtua mtu wa zamu ikiona moshi. Hawakuanza kwa mbwembwe za nchi nzima. Walianza na vituo 6 vya amri mwezi Julai, wakaona inakwenda, na kufikia Septemba wakaviunganisha vyote 21. Machi 2025 ikarushwa setilaiti ya kwanza ya mradi wa FireSat, ambao Google wamo, na mpango ni kufikisha zaidi ya 50. Na tayari NASA wanatoa bure mtandaoni ramani ya sehemu zenye moto duniani. Wewe na bando lako la mia tano unaweza kuifungua leo jioni ukaangalia Kilimanjaro. Mimi huwa naifungua kila kiangazi, ni ugonjwa tu nimeupata tangu 2020.

Lakini tusidanganyane. Januari 2025 kamera zile zilikuwepo, na Los Angeles iliungua, majengo zaidi ya 16,000. Upepo ukishachukua moto, kamera inakuwa shahidi tu. Halafu kuna jambo ambalo wapenda ubia hawalitaji: sehemu ya kamera hizo imelipiwa na kampuni za umeme, na mojawapo ya kampuni za umeme za jimbo hilo, PG&E, ndiyo iliyokiri kortini mwaka 2020 makosa 84 ya kuua bila kukusudia kutokana na moto wa 2018 ulioanzishwa na nyaya zake. Mbia anaweza kuwa ndiye mwenye kiberiti.

Hapo ndipo baadhi ya wenzangu kwenye chama wananikatalia. Wakisikia "sekta binafsi" wanakumbuka Richmond 2006, umeme wa dharura uliotuletea deni na kumng'oa waziri mkuu 2008. Wanakumbuka Juni 2023, mkataba wa bandari na Dubai unafika bungeni na kupita mbio huku wananchi bado wanatafuta nakala. Nawaelewa kabisa. Ila tukisema "hapana" kwa kila kitu, tunamwacha binamu yangu na panga lake, na upigaji utaendelea kama kawaida, maana dharura ndiyo inayolisha wapigaji. Richmond ilipita kwa sababu nchi ilikuwa gizani. Moto mwingine ukiwaka tutaambiwa hakuna muda wa zabuni, nunueni hizi droni hapa, na mtu atachukua asilimia kumi yake.

Ndiyo maana nasema jaribio lifanyike sasa, mlima ukiwa umetulia. Msimu mmoja wa kiangazi, njia moja, ya Marangu. Kampuni zishindane kwa zabuni ya wazi, na za vijana wa hapahapa ziwemo. Leo kijana wa Arusha aliyeunda droni anazungushwa kati ya mamlaka ya anga, wizara ya ulinzi na hifadhi mpaka hamu inamwisha. Wanachuo wa Mweka, waliopigana na moto wa 2020 kwa mikono, wawe ndio wapimaji. Matokeo yatolewe hadharani: kamera iliona moshi mara ngapi, ilidanganya mara ngapi, ilimtangulia mgumu mwenye simu kwa dakika ngapi. Na kama haikumtangulia, basi pesa hiyo iende kwa wagumu: redio, viatu, posho ya zamu, bima. Sitashangaa hata kidogo wakishinda wao.

Pesa ipo. Mgeni analipa dola 70 kwa siku kuingia hifadhini, kabla ya VAT. Kwa sheria ya fedha ya 2020 makusanyo hayo yalielekezwa TRA na Mfuko Mkuu, miezi michache tu kabla ya ule moto, na hili wabunge walilipitisha bila kuuliza nani atanunua pampu.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 30. Nimeandika barua yangu: nauliza ni vifaa gani vya kuzima moto vimenunuliwa kwa ajili ya mlima tangu 2020, kwa bei gani, kutoka kwa nani, na kama kuna mkataba wowote wa majaribio ya kamera au droni. Naipeleka Jumatatu. Matawi ya Rombo, Hai, Siha na Moshi Vijijini, nakili yenu ipo tayari, jazeni jina na sahihi tu.