Kilomita 300 kwa Saa, kwa Nani?

Kila mwaka Ulaya ikiingia msimu wa joto, simu yangu hujaa video ile ile. Kijana mwenye begi la mgongoni anakunywa kahawa London asubuhi, anakula lanchi Paris, na jua likitua yuko Amsterdam akipiga picha mifereji. Siku moja, miji mikuu mitatu, zote kwa treni. Halafu watu wetu wanaanza kulia hapo chini: "Manze, sisi tulilaaniwa." "Wenzetu hawana mipaka." "Hapa hata Nairobi hadi Kampala hakuna treni."

Nina ugomvi na hiyo sentensi ya katikati.

Kuhusu treni yenyewe sina ugomvi. Ni kazi safi. Handaki linalopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa lilifunguliwa 1994. Lina urefu wa kilomita 50 hivi, na 38 kati ya hizo ziko chini ya maji. London hadi Paris ni kama saa mbili na robo. Paris hadi Brussels ni saa moja na dakika 22. Jioni ya mvua, muda kama huo ndani ya matatu ya Rongai bado hujaona Galleria.

Na kuna kitu kingine ambacho hizo video hazionyeshi, na ndicho kinachonishangaza zaidi. Stima ya reli za Ulaya haifanani. Reli za kasi za Ufaransa zinatumia volti 25,000. Reli za kawaida za Ubelgiji, volti 3,000. Za Uholanzi, 1,500. Za Ujerumani, 15,000. Ishara za reli nazo kila nchi ilijitengenezea zake. Kwa hivyo wahandisi walikaa chini wakaunda treni inayokula stima ya kila nchi na kusoma ishara za kila nchi, bila kuwaamsha abiria. Walikuta mifumo isiyopatana, wakatafuta pesa, wakatafuta akili, wakaipatanisha.

Kumbuka hilo, kwa sababu mtu akikuambia mambo ya mipaka ni magumu, ujue amezungukwa na ushahidi kwamba kinachotakiwa kurahisishwa hurahisishwa.

Sasa twende stesheni. Pale St Pancras, London, kabla hujapanda treni ya Paris unakaguliwa na polisi wa Ufaransa. Ndiyo, polisi wa Ufaransa, katikati ya London. Pale Gare du Nord, Paris, ukishamalizana na Wafaransa unatembea hatua chache unakutana na afisa wa uhamiaji wa Uingereza. Waingereza na Wafaransa walikubaliana kila mmoja aweke dirisha lake kwenye stesheni ya mwenzake. Maana yake ni kwamba unaweza kukataliwa kuingia Uingereza ukiwa bado umesimama Paris, na treni unaiona kwa macho.

Huo mpaka haujafutwa. Umeng'olewa baharini ukapandwa stesheni, mahali ambapo mwenye pasipoti nzuri anaupita akiangalia simu yake na baadaye anaapa hakuuona.

Mimi niliuona. Mwaka jana nilialikwa Brussels kusoma hadithi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda nyumbani, kwa hivyo sina digrii, sina mwajiri wa kuniandikia barua, na mapato yangu yanaingia kwa M-Pesa siku ambazo mhariri amekumbuka. Jaribu kuambatisha hayo kwenye fomu ya viza. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, hela ambayo ukoo wangu mzima haujawahi kuikalia mara moja. Bahati nzuri walionialika walinisimamia, nikapata viza: siku sita, kuingia mara moja.

Mtoto wa shangazi yangu, ambaye kwetu ni dada tu, ni nesi London. Hatukuwa tumeonana tangu aondoke nyumbani. Brussels hadi London ni saa mbili kwa treni. Nikafikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa na hizo video, kwamba Jumamosi nitachomoka nikamsalimie, nirudi Jumapili.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kwenda kwake, ningehitaji viza nyingine kabisa ya Uingereza, yenye ada yake na fomu zake. Na hata kama ningeipata, nikitoka tu Schengen viza yangu ya kuingia mara moja ingekuwa imekwisha, singeweza kurudi kupanda ndege yangu. Basi yeye aje. Naye anaishi Uingereza kihalali, analipa kodi, anageuza wagonjwa wao usiku. Lakini pasipoti yake wakati huo ilikuwa ya Kenya, kwa hivyo naye alihitaji viza ya Schengen. Akatafuta miadi. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya mimi kurudi Nairobi.

Tukaonana kwa WhatsApp, mimi hotelini, yeye kwenye kituo cha basi. Aliniambia, "Ndugu yangu, ni kama uko Kayole na mimi niko Buru, halafu tunapigiana simu." Alicheka. Mimi sikucheka.

Nikaamua angalau niende Paris, maana viza yangu iliruhusu. Treni ilikuwa tamu kama walivyosema. Mashamba yalikuwa yakipita dirishani utafikiri mtu anavuta kitambaa. Halafu wakaingia maafisa wawili. Behewa lilikuwa karibu limejaa. Walitembea wakitazama nyuso, wakafika kwangu, wakasimama. Pasipoti. Unaenda wapi, unalala wapi, unarudi lini. Nilijibu kila kitu. Wakanirudishia, wakaendelea, na hawakusimama tena mpaka mlango wa mwisho. Mama mmoja mkabala nami alinitabasamia kwa huruma, kisha akarudi kwenye kitabu chake. Sikufungwa, sikupigwa, sikushushwa. Lakini kwenye hilo behewa mpaka ulikuwa umekalia kiti kimoja tu, na kiti chenyewe kilikuwa changu.

Msiniambie ni bahati mbaya. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini 1985, na leo una nchi 29. Lakini Ufaransa ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya ndani Novemba 2015, na imekuwa ikiuongeza muda tangu hapo. Ujerumani nayo, Septemba 2024, ilipanua ukaguzi ukafika mipaka yake yote ya nchi kavu. Miezi mitatu baadaye ikazinduliwa treni ya moja kwa moja ya mchana kutoka Paris hadi Berlin, kama saa nane, ikasherehekewa kama ushindi wa Ulaya iliyoungana. Mwaka ule ule, mkono mmoja ulikuwa ukifungua reli na mwingine ukifunga mlango.

Kuna wenye kusema kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Sawa, iwe hivyo. Basi waseme hivyo kwenye matangazo yao. Waache kutuuzia "Ulaya bila mipaka" halafu ukiuliza tiketi unauliziwa bibi yako alizaliwa wapi. Na huo mpaka unawauma hata wenyewe. Kuanzia Juni 2024 hadi Februari 2025, abiria wa kutoka Amsterdam kwenda London walilazimika kushuka Brussels na mizigo yao wakaguliwe. Reli ilikuwepo, treni zilikuwepo. Kilichokosekana, wakati stesheni ya Amsterdam ikikarabatiwa, ni nafasi ya kukagulia pasipoti. Treni ya kilomita 300 kwa saa ikashindwa na dirisha na mhuri.

Wengine wanasema tuache ndege, tupande treni, tuokoe dunia. Naunga mkono. Ila huo ni wito kwa mtu mwenye siku za kuchezea. Mwenye viza ya siku sita hahesabu kaboni, anahesabu siku.

Sasa turudi kwa yule aliyelia kuhusu Kampala. Ndugu yangu, ni kweli treni ya abiria ya Nairobi hadi Kampala hakuna. Reli yetu mpya, iliyoanza kubeba abiria kutoka Mombasa 2017, iliishia upande wa Naivasha, na deni linatungoja. Laumu viongozi, una haki. Lakini angalia mfukoni mwako. Kile kitambulisho cha taifa unachokunja na risiti za M-Pesa kinakuvusha Busia hadi Uganda, na kinakufikisha Kigali. Usiku kucha ndani ya basi, miguu imevimba, lakini hakuna anayekuuliza una shilingi ngapi benki. Wao walijenga reli wakachuja watu. Sisi tuliruhusu watu tukasahau reli. Kati ya hizo kazi mbili, ile ngumu, ile ambayo hainunuliwi kwa mkopo, tayari tunayo. Tudai reli kwa sauti, lakini tusiwaonee wivu milango yao.

Mwaka huu dada yangu amepata pasipoti ya Uingereza. Wikendi yake ya kwanza ya mapumziko alipanda treni hadi Brussels, kwenda tu, kuona. Hakuomba miadi, hakuambatisha chochote. Alinitumia picha ya kiti kitupu kando yake. Ni treni ile ile, reli ile ile, saa mbili zile zile, na mwanamke ni yule yule.