Mlinzi Anapoushambulia Mwili

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu, na kwamba mwili una askari wake wa kupambana navyo. Fundisho hilo ni sahihi, lakini halikukamilika. Yapasa wanafunzi wafundishwe pia kwamba askari hao huweza kuugeukia mwili wenyewe. Mfano ulio wazi ni ugonjwa adimu uitwao pemfigasi.

Jina hilo lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni lengelenge. Ingawa huhesabiwa kuwa ugonjwa wa ngozi, aghalabu huanzia kinywani, pengine miezi kadhaa kabla ya ngozi kuguswa. Malengelenge hutokea mashavuni kwa ndani, kwenye kaakaa na kwenye ufizi, kisha hupasuka upesi na kuacha vidonda visivyopona. Mgonjwa hushindwa kutafuna, kumeza, hata kupiga mswaki.

Je, chanzo chake ni nini? Seli za utando wa kinywa zimeshikamana mithili ya matofali ya ukuta. Sehemu ya saruji yake ni protini iitwayo desmogleini ya 3. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kunasa vitu vigeni. Katika pemfigasi, kingamwili huinasa desmogleini kana kwamba ni adui. Saruji ikilegea, seli huachana na maji hujaa katikati. Ngozi ina pia desmogleini ya 1 inayosaidia kuishikilia, lakini kinywa hutegemea zaidi ile ya 3. Ndiyo maana hutangulia kuumia. Kuwapo kwa kingamwili hizo katika damu ya wagonjwa kulionyeshwa nchini Marekani mwaka 1964 na Ernst Beutner na Robert Jordon.

Mtu aaminiye kwamba kila kidonda kina kijidudu atanunua viuavijasumu, kisha dawa ya fangasi, na huenda akang'olewa meno bure. Wakati huo jirani zake humwepuka wakihofia kuambukizwa, ilhali ugonjwa huu hauambukizi kamwe. Kuchelewa huko si jambo dogo. Kabla ya kortikosteroidi kuanza kutumika katika miaka ya 1950, wagonjwa wengi walifariki. Leo prednisoloni huutuliza ugonjwa, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha pia rituksimabu, ambayo hupunguza seli zinazozalisha kingamwili. Hata hivyo, dawa hizi hudhoofisha ulinzi wa mwili. Hapana budi zitumike chini ya uangalizi wa daktari, na prednisoloni iliyotumika kwa muda mrefu isiachwe ghafla.

Wapo watakaouliza: kwa nini tuongeze mzigo wa masomo kwa ajili ya ugonjwa unaowapata watu wachache tu katika kila milioni? Jibu langu ni kwamba kanuni yake si adimu. Ndiyo iliyo katika kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata hata watoto, na katika baridi yabisi inayoharibu viungo. Wala mwalimu hahitaji vifaa vya gharama. Achore ukuta wa matofali ubaoni, kisha afute saruji, darasa litaelewa.

Kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma mawili au matatu chafaa kichunguzwe na mganga. Akishuku pemfigasi, hukatwa kipande kidogo cha utando kikapimwa kwa hadubini. Kule Moshi, kituo cha kanda kimekuwa kikiwafundisha watumishi wa afya juu ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Lakini mtaalamu hawezi kumtibu mgonjwa ambaye bado anazunguka madukani akitafuta dawa ya kijidudu kisichokuwapo. Mwanafunzi aliyefundishwa vema aweza kumwambia mzazi wake kwamba wakati wa kwenda hospitali umefika.