Nyota Tano Hazijui Wali

Siku hizi mtu akishuka stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, kabla hata hajajua atalala wapi, anatoa simu na kutafuta mgahawa mzuri. Simu inamletea orodha, orodha ina nyota, naye anaifuata bila swali. Tumeshakubaliana, wenyeji kwa wageni, kwamba hivyo ndivyo chakula kinavyotafutwa katika mji usioujua: penye nyota nne na nusu pana chakula, pasipo na nyota hapana kitu. Imani hii ni potofu, na inawaumiza watu wanaojua kupika kuliko wote.

Tuwaangalie kwanza wanaozitoa hizo nyota. Fundi wa Kariakoo anayekula kwa mama ntilie yuleyule kila mchana haandiki maoni kuhusu maharage yake. Ayaandikie nini? Kesho atarudi, na kurudi kwake ndiyo hukumu yake. Anayeandika ni mgeni aliyekula mara moja, keshoye akaondoka. Nyota unazozisoma, basi, ni za wageni wenzako, waliofika pale kwa kufuata nyota za wageni waliowatangulia. Na ukiyasoma maoni yenyewe, chakula hukigusa kidogo tu: huyu kapenda upepo wa bahari, yule intaneti ilimsumbua, mwingine mhudumu hakumchangamkia. Vyote vinasongwa kuwa namba moja, 4.5, nawe unaambiwa hiyo ndiyo ladha ya samaki.

Namba hiyo pia hununuliwa. Mwandishi wa Uingereza, Oobah Butler, aliwahi kulipwa na wenye migahawa aandike sifa za chakula ambacho hakukionja. Mwaka 2017 akalisajili banda la bustanini kwake, kusini mwa London, katika tovuti ya maoni ya TripAdvisor kama mgahawa, akaliita The Shed at Dulwich. Mgahawa haukuwepo. Baadhi ya picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia. Marafiki wakaandika sifa, na ndani ya miezi michache banda likawa la kwanza kati ya migahawa yote ya London iliyoorodheshwa humo, watu wakipiga simu kuomba nafasi. Mwaka 2024 Marekani ikatoa kanuni ya kupiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo. Biashara hiyo ilikuwa imeshakua kiasi hicho.

Lakini hata nyota zingekuwa za kweli zote, bado zingekupoteza. Simu inakuambia wapi, na katika miji yetu swali la kwanza ni saa ngapi. Dar es Salaam asubuhi ni supu na chapati, na ukichelewa unakuta maji ya mwisho mwisho yasiyo na nyama. Mchana ni wali. Jioni mishikaki na mihogo ya kuchoma, na ukivuka kwenda Unguja, urojo. Ijumaa watu wanasubiri biriani. Mahali panapokuuzia vyote hivyo kila siku, kuanzia asubuhi hadi usiku, kwenye menyu ndefu kama kitabu, pana friza kubwa, na kinachokujia mezani mara nyingi kimetoka humo.

Sasa mtazame mama ntilie saa tano asubuhi. Wali umekauka maji. Anaufunika, anachota makaa na kuyapanga juu ya mfuniko ili upate moto juu na chini. Maharage yameshaiva, ila tui zito amelitenga pembeni. Atalitia mwishoni kabisa na kulikoroga taratibu, maana akilitia mapema litakatika. Samaki wamechanjwa ubavuni, chumvi na ndimu zimeingia hadi mfupani. Saa saba watu wamejipanga. Saa nane na nusu anakwangua ukoko. Hana kibao, hana ukurasa mtandaoni, na simu yake ni ya kupokelea malipo. Kwenye ramani ya simu yako hayupo, na mchana huo amelisha mtaa mzima. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tumekwenda kumwamini anayejitembeza.

Nitaambiwa nyota hulinda tumbo. Hazilindi. Anayekagua jiko ni bwana afya. Mtoa maoni huishia mezani. Chakula kilichopikwa leo, kikaliwa leo kingali cha moto, kina usalama ambao friza inayokatikiwa umeme haiwezi kukupa. Angalia kama kuna maji yanayotiririka ya kunawa, sahani zinaoshwa vipi, wateja ni wa kila siku au wapita njia. Hayo utayaona kwa macho yako kwa muda mfupi kuliko wa kusoma maoni.

Na lawama nyingine ni yetu wenyeji. Mgeni akituuliza pa kula, tunamtuma penye kiyoyozi na vitambaa vya meza, mahali ambapo sisi wenyewe hatuli, kwa sababu tunadhani chakula chetu cha kila siku kitatuaibisha. Mpokezi wa hoteli anafanya hivyo, dereva anafanya hivyo, na wapo wanaolipwa chochote kwa kila mteja wanayempeleka. Mgeni mwenye akili amuulize dereva swali jingine: wewe leo mchana umekula wapi, na ulikula nini? Naye dereva ajibu kweli, bila kuona haya, amtajie mama ntilie wake, kona aliyopo, na saa ya kufika kabla samaki hawajaisha.