Homa Isiyo ya Malaria

Kwa miaka mingi zahanati zetu za Tanzania ziliongozwa na kanuni moja: mtoto wa chini ya miaka mitano akiletwa ana homa, atibiwe malaria. Kupima kulihitaji hadubini, umeme na mtaalamu wa maabara, na zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mama aliondoka na klorokwini, miaka ya baadaye SP, na tangu mwishoni mwa 2006 dawa mseto, Alu. Kanuni hiyo haikutungwa kwa uzembe. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili, na walioiandika walijua kwamba dozi iliyotolewa bila lazima haina hasara kubwa kama dozi iliyochelewa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaibadili. Kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, watoto wachanga wakiwemo. Kilichowezesha mabadiliko hayo ni kipimo cha haraka, mRDT: tone la damu ya kidoleni, matone machache ya kimiminika chake, subira ya dakika 15 hadi 20, kisha mstari wa pili unatokea au hautokei. Tangu hapo wazazi na wahudumu wengi wamebaki na swali ambalo halijaisha makali. Je, ni halali kumnyima mtoto wa mwaka mmoja, anayechemka mwili mzima, dawa ya malaria kwa sababu ya mstari ambao haukuonekana?

Hata kabla ya mabadiliko hayo wataalamu wenyewe waligawanyika. Januari 2009 jarida la PLoS Medicine lilichapisha hoja za pande mbili. Valérie D'Acremont na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti Dar es Salaam, walitaka tiba ya kukisia iachwe, watoto wakiwemo. Mike English, Hugh Reyburn, Catherine Goodman na Robert Snow, wenye uzoefu wa miaka mingi wa Kenya na Tanzania, waliona ni haraka mno: ushahidi kwa watoto wadogo ulikuwa haba, huduma zetu zilikuwa dhaifu, na kosa moja katika eneo lenye malaria nyingi lingegharimu uhai.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi kwa sababu ya mtu mmoja aliyeisimamia. Reyburn alikuwa ameongoza utafiti uliochapishwa 2004 katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na ugonjwa mkali wa homa, wadudu wa malaria walionekana katika damu ya asilimia 46 tu. Waliokutwa na wadudu walifariki kwa asilimia 6.9, na wasiokuwa nao kwa asilimia 12.1. Wengi walikuwa wakifa kwa magonjwa mengine huku wodi ikipambana na malaria. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, na bado akasita kuhusu watoto wadogo, hakuwa akitetea mazoea.

Lakini ushahidi uliofuata umenishawishi upande wa kupima. Dar es Salaam na maeneo ya Ifakara, watoto 603 ambao kipimo kilisema hawana malaria walifuatiliwa bila kupewa dawa yake, na hakuna aliyepata madhara kwa sababu ya malaria iliyokosewa. Mwaka 2014 D'Acremont na wenzake wakachapisha uchunguzi mpana zaidi wa watoto 1,005 wenye homa, katika maeneo hayohayo. Malaria ilikuwa kwa mmoja kati ya kumi. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Magonjwa ya bakteria yalikuwa kwa asilimia 22. Kumpa kila mtoto wa namna hiyo Alu ni kuwakosea tisa kati ya kumi, na baadhi yao wana nimonia ambayo Alu haiigusi.

Kuna sababu nyingine inayonitia wasiwasi. Mkoani Kagera vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimethibitishwa, na Alu imejengwa juu ya artemisinini. Dawa hii tunapaswa kuitunza.

Hata hivyo kupima ni nusu ya kazi. Katika jaribio lililofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa 2007, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa kwa kipimo cha haraka na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Siwalaumu wahudumu peke yao. Mgonjwa aliyezoea kuambiwa na maabara kwamba ana malaria tatu au nne hawezi kuridhika na kitepe cha kipimo cha haraka kisichohesabu wadudu. Mama ametembea kilomita kadhaa, mtoto analia, foleni imefika barazani. Ukimwambia tu kwamba mtoto hana malaria, hujamwambia ana nini. Naye atapita dukani njiani na kununua dozi.

Miaka ilivyokwenda wahudumu walianza kukiamini kipimo, na pengo likazibwa na kitu kingine. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliounganisha tafiti za nchi kadhaa za Afrika na Asia, ulionyesha kuwa asilimia 69 ya wagonjwa wasiokuwa na malaria waliandikiwa antibayotiki, wakati waliokuwa nayo ni asilimia 40. Hapa kwetu kila mzazi anajua majina yanayokuja baada ya malaria kukosekana: UTI au taifodi. Katika wale watoto 1,005, UTI ilikuwa asilimia 5.9 na taifodi 3.7. Magonjwa hayo yapo, ila kwa uchache usiolingana kabisa na wingi wa dozi tunazowanywesha watoto kwa majina yake. Tumeiokoa Alu kwa kuitumbukiza amoksilini katika hatari ileile ya usugu.

Nako kunakopatikana malaria nyingi kuna mtego wake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi kwa asilimia 8.1 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, kutoka 18.1 mwaka 2008, lakini Tabora ilizidi asilimia 20 wakati mikoa kama Kilimanjaro na Arusha iko karibu na sifuri. Tabora mtoto anaweza kubeba vimelea bila kuugua kwavyo. Tena protini inayotafutwa na vipimo vingi hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Mstari ukitokea, Alu apewe bila kuchelewa, lakini kifua chake kikaguliwe palepale, kwa maana malaria na nimonia huweza kumkuta mtoto mmoja. Na mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea ni wa kupewa rufaa hata kama kitepe kimesema hana.

Kwa hiyo swali la kumpima au kutompima mtoto nimelimaliza: apimwe, na jibu liheshimiwe. Linalobaki ni kumpa mhudumu uwezo wa kuendelea pale kitepe kinapoishia. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima hakuhitaji umeme: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Kunahitaji saa, na msimamizi anayekuthamini. Mbeya na Morogoro wahudumu walipewa programu ya kwenye tableti iliyowaongoza hatua kwa hatua, pamoja na kifaa cha kupima oksijeni na vipimo vichache vya ziada. Matokeo yalichapishwa 2024: antibayotiki ziliandikwa kwa asilimia 23 ya watoto, dhidi ya 70 katika vituo vya kawaida, na kiwango cha walioshindwa kupona ndani ya siku saba kilikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Vipimo vyenyewe vya malaria tumevitegemea mno kutoka kwa wafadhili, na misaada ya Marekani iliposimamishwa mwanzoni mwa 2025 hofu ya rafu tupu ilikuwa ya kweli. Bajeti ya taifa ivibebe. Na halmashauri ikienda kukagua zahanati, isiishie kuhesabu vitepe vilivyotumika na dozi zilizotoka. Ichukue majalada ya watoto kumi wasiokuwa na malaria, itazame ni wangapi walihesabiwa pumzi, na wangapi mama zao waliambiwa siku ya kurudi kama homa haijashuka.