Mgeni wa Miaka Tisa Bila Jembe: Moshi wa Chiang Mai na Sisi Tunaoukimbia



Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miaka tisa hapa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na methali hiyo imeanza kuninyima usingizi. Siku ya tatu ilipita zamani, na jembe lenyewe sijalishika sawasawa. Nikiwatazama wageni wenzangu wa muda mrefu, Wazungu, Wajapani, Wachina na sisi Waafrika wachache, naona wengi wetu tuko vilevile. Tunasifu chakula, tunasifu ukarimu wa wenyeji, tunalalamikia uhamiaji, na moshi ukija tunakimbia.

Najua swali la kwanza: Mtanzania anatafuta nini Chiang Mai? Wengi wenu mko Uingereza, Marekani na Ghuba, mahali ambako hata kama hupati kazi hukosi Mswahili wa kupiga naye soga. Mimi nilimfuata mume, ambaye anafundisha chuo huku. Nina shahada ya uuguzi na nilifanya kazi wodini Dar es Salaam miaka minne. Hapa siruhusiwi kuuguza mtu, kwa sababu leseni ina mtihani, mtihani ni wa Kithai, na Kithai changu ni cha sokoni. Kwa hiyo nafundisha sayansi shule ya msingi. Lakini macho ya muuguzi hayaendi likizo. Mtoto akikohoa darasani, nahesabu pumzi zake kabla sijahesabu madaftari.

Na kuanzia Februari hadi Aprili, kila mwaka, wanakohoa wengi.

Kwa wasioufahamu mji huu, uko bondeni, umezungukwa na milima. Mvua zikiisha, mashamba na misitu ya nyanda za juu huchomwa moto, hapa Thailand na ng'ambo ya mpaka, Myanmar na Laos. Moshi unashuka bondeni na kukaa, kwa kuwa msimu huo upepo hauna nguvu ya kuutoa. Mlima Doi Suthep, ambao siku ya kawaida unauona toka dirishani, unatoweka kabisa. Kinachoumiza zaidi ni chembechembe ndogo sana zinazoitwa PM2.5, ambazo pua na koo haviwezi kuzizuia. Zinakwenda mpaka ndani ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Thailand yenyewe ilikubali 50 mpaka Juni 2023, ilipoteremsha kiwango hadi 37.5. Mwezi wa Machi hapa tunapita mia moja, na katika baadhi ya wilaya siku mbaya zimepita hata mia mbili. Mwaka 2019, 2023 na 2024 kuna siku mji huu ulishika namba moja kwa hewa chafu miongoni mwa miji mikubwa duniani.

Desemba 2023 mji mzima ulimlilia daktari kijana wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Krittai Thanasombatkul. Alikuwa na miaka 29, mwanamichezo, asiyevuta sigara, na alifariki kwa saratani ya mapafu baada ya kuwaandikia watu waziwazi habari za ugonjwa wake. Siwezi kusimama hapa nikasema moshi ndio uliomuua. Saratani ya mtu mmoja haiji na hati ya kuonyesha ilikotoka. Lakini tangu 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka hewa chafu katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo anayesema moshi huu ni kero ya macho tu anajidanganya.

Hayo ndiyo maradhi. Sasa tuje kwenye siasa yake, maana hapo ndipo ninapogombana na wageni wenzangu.

Ingia mgahawa wowote wa kahawa mwezi wa Machi, ukae karibu na wageni waliokaa hapa miaka kumi au kumi na tano. Utasikia hukumu imeshatoka: wa kulaumiwa ni watu wa milimani. Wakaren, Wahmong, Walahu, Waakha. Wanachoma msitu ili waokote uyoga wa het thop, wanachoma kwa ujinga, wanachoma kwa sababu ndivyo walivyozoea. Na wenyeji wengi wa mjini wanaitikia.

Tusidanganyane, wapo wanaochoma kwa ajili ya uyoga, kwani bei yake ni nzuri na majani makavu yakiungua unaonekana kirahisi. Lakini panda gari uende Mae Chaem, au mkoa wa Nan, ukaone vilima vilivyonyolewa mpaka kileleni. Hapo utakuta mahindi, tena si ya kula mtu. Ni ya chakula cha kuku na nguruwe, wale tunaowala sisi huku bondeni kila siku. Mkulima anakopa mbegu na mbolea, analima mteremko ambao trekta haliwezi kusimama, anavuna, na mabua yanabaki. Njia ya bei nafuu ya kuyaondoa ni kiberiti. Akitaka kupanda kahawa au miti ya matunda asubiri miaka kadhaa kabla ya mavuno, anajiuliza atasubiri katika ardhi ya nani. Mashamba mengi ya huko yako ndani ya eneo ambalo serikali inaliita hifadhi ya msitu, na mkulima hana hati. Kama hujui mwaka kesho utakuwa hapo au utafukuzwa, utapanda mti wa miaka mitano?

Kwa miaka mingi jibu la serikali lilikuwa amri: siku kadhaa za marufuku, mara nyingi siku 60, ni kosa kuchoma chochote. Matokeo yake watu walichoma kabla ya marufuku kuanza na wakamalizia baada ya kuisha. Siku hizi Chiang Mai ina utaratibu wa mkulima kuomba ruhusa kupitia programu ya simu, achome siku ambayo hewa inaweza kubeba moshi. Ni hatua. Lakini bua halitatoweka kwa programu ya simu kama mnunuzi wa mahindi haulizwi kitu.

Sasa niwaambie kisa kinachoniuma. Shuleni kwetu kuna dada wa Kilahu anayefanya usafi. Namwita Pii, yaani dada mkubwa, kama wenyeji wanavyoita. Amezaliwa mkoa huu, mama yake alizaliwa mkoa huu, lakini hana uraia. Ana kadi ambayo namba yake inaanza na sifuri, na kwa miaka mingi watu wenye kadi kama yake wamehitaji kibali ili watoke nje ya mkoa. Machi miaka mitatu iliyopita, mwanangu mwenye pumu alianza kutumia dawa ya kuvuta mara tatu kwa siku. Tulifunga mizigo, tukapanda ndege kwenda kusini, baharini, wiki tatu. Niliporudi nilimkuta Pii anapiga deki palepale nilipomwacha, macho mekundu, barakoa ya kitambaa usoni, ile ambayo kwa chembechembe hizi haisaidii karibu chochote. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa amelazwa siku nne kwa homa ya mapafu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Bahari ikoje?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Mtazame huyo dada, kisha nitazame mimi. Mimi nina viza. Kila siku 90 naripoti uhamiaji mahali ninapoishi, na wageni wenzangu wanalia kweli kweli kuhusu hizo siku 90. Wastaafu wanalalamika kwamba lazima wawe na miaka 50 na kuweka benki baht 800,000 au kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Wanalalamika kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, na kwamba ukaazi wa kudumu una nafasi 100 tu kwa mwaka kwa kila taifa. Malalamiko mengine ni ya haki. Lakini nauli yangu ikiwepo naondoka kesho asubuhi, na hakuna polisi wa kuniuliza kibali cha kutoka mkoani. Aliyezaliwa hapa ndiye aliyefungwa, na mimi niliyekuja juzi ndiye niliye huru.

Lugha ya Kithai yenyewe inalisema jambo hili bila aibu. Mgeni kama Mzungu wanamwita tang chat, mtu wa taifa jingine. Kibarua kutoka Myanmar, yule anayejenga maghorofa tunayopanga na kuchuma matunda tunayokula, mara nyingi ataitwa tang dao, neno lenye harufu ya mtu asiyetakiwa. Mimi Mwafrika naning'inia katikati, wakati mwingine hivi, wakati mwingine vile, kutegemea nimevaaje na anayenitazama ni nani. Kwa hiyo naijua ladha ya maneno yote mawili.

Na si kwamba Thailand haiwezi kubadilika. Juni 2018 vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa kwenye pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai. Dunia nzima ilikesha. Walipotoka Julai, ikajulikana kwamba watatu kati yao pamoja na kocha hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Agosti mwaka uleule wakapewa. Niliwashangilia kama wote, lakini nilijiuliza: wangapi hawakupata bahati ya kuingia pangoni? Oktoba 2024 baraza la mawaziri lilikubali kufupisha njia ya ukaazi wa kudumu na uraia kwa watu karibu 484,000, wengi wao wa makabila ya milimani na watoto wao waliozaliwa hapa. Ni jambo kubwa, na tulipongeze.

Sisi Waswahili tusijione wasafi. Wamakonde wa Kwale walikaa Kenya tangu enzi za mashamba ya mkonge, na walikubaliwa kuwa raia mwaka 2016. Jamaa zetu wenye asili ya Pemba, wavuvi wa Kilifi na Kwale, walisubiri mpaka 2023. Sisi wa ughaibuni tunaolilia uraia pacha usiku na mchana, mara ngapi tuliwataja hao? Tunadai haki ya kuwa wa mahali pawili, huku jirani hana hata pamoja.

Najua nitakavyojibiwa. Mgeni ni mgeni, ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho, usiingilie siasa za watu, utanyang'anywa viza. Nakubali nusu. Sisemi tuandamane. Wathai wenyewe wanaipigania hewa yao bila kutusubiri: Aprili 2023 wakazi na wanataaluma wa hapa walimshtaki waziri mkuu mahakamani, na Januari 2024 Mahakama ya Utawala ya Chiang Mai iliamuru serikali iandae mpango wa dharura ndani ya siku 90. Mwezi huohuo Bunge lilipokea kwa hatua ya kwanza miswada ya sheria ya hewa safi. Na 2020, moto ulipowaka Doi Suthep, waliopanda usiku na mifyekeo na mablowa ya kupuliza majani walikuwa wanavijiji wa kujitolea, wakiwemo haohao wa milimani tunaowatukana mgahawani.

Wala sisemi msikimbie. Kama muuguzi nasema mwenye mtoto wa pumu na uwezo, amtoe mtoto. Mimi nitamtoa wangu tena. Lakini jembe lipo kwa kila anayelitaka. La kwanza halina gharama: acha kurudia hukumu ya mgahawani. Kabla ya kumlaani mwenye kiberiti, uliza nani alinunua mahindi. La pili, mwajiri aliye na yaya, mtunza bustani au fundi, ampe barakoa inayochuja kweli, na asimkate mshahara siku ambazo hewa haifai kazi ya nje. La tatu ni chumba kimoja. Mwaka jana mimi na wazazi wachache tulifunga vichujio kwenye feni za kawaida, tukapeleka kumi na moja katika vituo vya watoto wadogo viwili, kimoja kikiwa kijijini kwa Pii. Feni moja iligharimu chini ya chakula cha jioni cha familia yangu mgahawani. Haizimi moto wa Myanmar, wala haimpi mtu uraia. Lakini watoto wanalala mchana katika chumba ambacho kipimo kinasoma chini ya ishirini wakati nje kinasoma mia na hamsini.

Mwaka huu nilipoaga kwenda kusini, Pii aliniambia mtoto wake anapenda kulala karibu na ile feni kwa sababu inavuma kama mvua. Nilikwenda baharini nikiwa na uzito moyoni, ila safari hii nilikuwa nimeacha kitu nyuma yangu.

Naomba kutoa hoja.