Baiskeli ya lami na vumbi

Mzazi anayemnunulia mwanawe baiskeli aghalabu hutekwa na springi za foki ya mbele. Zinapendeza, naam, lakini zile za bei nafuu ni mzigo mtupu: huongeza uzito na kumeza nguvu za miguu mlimani. Foki ya kawaida yatosha.

Cha kutazama ni tairi. Nyembamba ya mashindano, ya milimita 25, hukimbia juu ya lami lakini huzama changaraweni. Pana yenye meno makubwa huvuma na kumchosha mwendeshaji barabarani. Kwa mwanafunzi anayekwenda chuoni Jumatatu na kuzuru msitu wa Karura au Hell's Gate Jumamosi, tairi ya milimita 38 hadi 45 yenye meno mafupi itamfaa. Akifika kwenye vumbi, apunguze upepo kidogo. Fremu nayo iache nafasi, la sivyo tope litakwamisha gurudumu.

Wanunuzi wa mitumba hunaswa hapa. Baiskeli nyingi kutoka Ulaya na Black Mamba yetu zote husemekana kuwa za inchi 28, ilhali tairi ya moja haiingii katika ringi ya nyingine! Soma nambari ubavuni: ya Ulaya huishia 622, ya Black Mamba 635. Muulize fundi wa mtaani kwenu anauza ipi kabla hujatoa pesa.

Kisha ijaribu mteremkoni, si dukani. Breki zote mbili zisiposhika, mrudishie mwenyewe.