Kipigo si Ugomvi wa Nyumbani

Tumezoea kuambiwa kwamba ya mume na mke ni mambo ya ndani, na kwamba mtu wa nje hana ruhusa ya kuyaingilia. Kauli hiyo hutamkwa na balozi wa nyumba kumi, na mtendaji wa kijiji, na hata na watumishi wa umma walioajiriwa kulinda haki za raia. Ni kauli ya hatari, na imekwisha gharimu maisha ya watu.

Tuitazame njia anayopitishwa mwanamke aliyepigwa katika kata kama Nyakatuntu, huko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwanza hukimbilia kwao. Wazee hukutana, mume huomba radhi, pombe ya ndizi hunywewa, mke hurudishwa. Akipigwa tena, balozi humpeleka kwa mtendaji, naye mtendaji humpeleka kwenye baraza la usuluhishi. Kila mlango anaoubisha huulizwa swali lile lile: "Ulimkosea nini mumeo?" Hakuna anayemwuliza mume amepata wapi ruhusa ya kupiga.

Ruhusa hiyo haipo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Nayo Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 241, inamtishia kifungo cha miaka mitano anayemshambulia mwingine na kumdhuru mwili. Haikuandikwa humo "isipokuwa mkewe". Baraza la usuluhishi liliwekwa kupatanisha wanandoa kabla mahakama haijasikiliza shauri la talaka. Halikuwekwa kuosha makosa ya jinai.

Wapo watakaosema kwamba mume akifungwa watoto watalala njaa. Hoja hii ina uzito, na ndiyo siri ya ukimya wa wanawake wengi. Mke hupalilia migomba, huchuma kahawa, huianika. Lakini shamba ni la mume, na fedha za mauzo hupokewa na mume. Mtu asiye na mahali pa kwenda hawezi kushtaki. Lakini hapa pia sheria imekwisha sema. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri lililotoka mkoa huu huu wa Kagera, iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama awezavyo mwanamume. Ni watendaji wangapi waliowaeleza wanawake wa kata zao habari hizo?

Majirani wa Kyerwa hawakungoja. Rwanda ilitunga sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2008. Uganda ikatunga ya ukatili wa majumbani mwaka 2010. Sisi bado tunaokoteza vifungu huku na huko, na hata hivyo vichache tulivyo navyo tunavifungia kabatini.

Walimu nao wana deni. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake waliamini mume ana sababu walau moja ya haki ya kumpiga mkewe. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Kasumba hiyo mtu hazaliwi nayo. Hufundishwa, na kinachofundishwa chaweza kufutwa darasani.

Kwa hiyo hapana budi kila mmoja atimize wajibu wake. Mtendaji apeleke shauri la kipigo polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, asilipeleke kwa wazee. Mganga atibu kwanza, aandike alichokiona, na fomu ya polisi ijazwe bila kuzungushana. Mwalimu anayemwona mtoto akisinzia kwa sababu usiku kucha nyumbani palikuwa na vilio, asinyamaze. Upatanisho ni jambo jema kati ya watu wawili walio sawa. Kati ya mwenye fimbo na mwenye majeraha, upatanisho ni kumrudishia mpigaji fimbo yake.